Kabla Hujanunua Priampu, Hesabu Maiki

Saundi kadi wanayoanza nayo wengi wenye studio ya chumbani ina matundu mawili ya maiki. Kwa kazi nyingi za mjini hayo yanatosha: biti imeshatengenezwa ndani ya kompyuta, mwimbaji ni mmoja, anaingia, anaimba, anatoka. Taabu huanza siku wanapopiga hodi wenye udi, ganuni, fidla mbili, akodiani na dumbaki, na nyuma yao mwimbaji.

Njia nyepesi ni kuwarekodi mmoja mmoja: leo udi, kesho fidla, mwimbaji Ijumaa. Niliwahi kuifuata. Kila chombo kilitoka safi, hakuna sauti ya mmoja iliyopenya kwenye maiki ya mwenziwe, na wimbo mzima ulikuwa umepoa kama chai iliyosahauliwa mezani. Katika taarabu fidla humjibu mwimbaji, na mwimbaji akishalisikia lile jibu ndipo anapojua neno lifuatalo alivute au alikate. Mzee mpiga udi, baada ya kukaa peke yake dakika kumi na hedifoni masikioni, aliniuliza: “Mwanangu, humu ndani mimi nampigia nani?” Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa na matundu mawili.

Ndiyo maana nasema priampu za ziada zina sababu moja kubwa, nayo ni kuwawezesha watu kupiga pamoja. Sababu nyingine zinazosemwa madukani, hasa ile ya kuongeza utamu wa sauti, nitazifikia.

Kwanza tujue kifaa chenyewe. Maiki hutoa umeme mdogo mno. Shure SM58, maiki ambayo washereheshaji wengi wameishika, ikipokea sauti ya desibeli 94 hutoa kama milivolti 1.85 tu. Vifaa vya kitaalamu vya studio vinapeana sauti kwa kiwango kiitwacho laini, ambacho ni volti 1.23. Kuutoa umeme huo ulipo na kuufikisha hapo ni kuuzidisha zaidi ya mara 650. Mwenye kazi hiyo ni priampu: kikuza sauti kidogo kinachosimama mlangoni, kabla sauti haijageuzwa kuwa namba za kompyuta. Mafundi huipima kazi hiyo kwa desibeli, ambapo kila desibeli 20 ni kuzidisha mara kumi. Kwa hiyo priampu yenye uwezo wa desibeli 60 inazidisha mara elfu. Saundi kadi yako ya matundu mawili ina priampu mbili ndani yake. Ukitaka maiki nane, unahitaji nane.

Maiki za kondensa hutoa umeme mwingi zaidi kuliko SM58, lakini zenyewe zinahitaji kulishwa volti 48 kupitia waya uleule unaopitisha sauti. Namba hiyo ina kisa chake. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Ujerumani iliipelekea redio ya taifa ya Norwei maiki za transista, na majengo ya redio hiyo yalikuwa na taa za akiba za volti 48 kwa sababu ya giza la majira ya baridi. Umeme huo ulikuwepo tayari, wakautumia, na hadi leo dunia nzima inafuata volti 48. Unaponunua priampu za ziada hakikisha zinautoa umeme huo kwenye matundu yote. Maiki za riboni za zamani usizipelekee, zinaweza kuharibika.

Sasa huo utamu. Ipo priampu iliyojengewa heshima kubwa, Neve 1073, iliyotoka mwaka 1970 mikononi mwa Mwingereza Rupert Neve, na heshima hiyo ni ya haki. Lakini mwenye chumba kimoja anayekopa ili anunue mfano wake akidhani ndipo udi wake utakapong’aa, anakosea. Maiki yenye ukinzani wa omu 150 huwa na mchakarisho wake wa asili ambao hakuna fundi anayeweza kuuondoa. Kwa vipimo vya kitaalamu ni kama dBu −131. Saundi kadi nyingi za bei ya chini siku hizi zinafika −127 au −128. Kilichobaki cha kununua kwa fedha nyingi ni hizo desibeli tatu nne za utulivu, na feni ya chumbani kwako inazimeza zote. Isogeze maiki ya udi shubiri moja kutoka kwenye tundu la sauti kuelekea shingoni, usikilize tena. Mabadiliko utakayoyasikia ni makubwa kuliko tofauti ya priampu nzuri na priampu nzuri zaidi.

Basi unaziongezaje? Njia ya zamani ni kununua priampu ya pembeni na kuunganisha matokeo yake kwenye tundu la laini la saundi kadi, kama lipo lililo wazi. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni mtu kuichomeka kwenye tundu la maiki. Hapo sauti iliyokwisha kukuzwa inakuzwa tena, inapasuka, kisha lawama inakwenda kwa muuzaji.

Njia ninayoipendekeza ni ya mwanga. Mwaka 1991 kampuni ya Alesis ya Marekani ilitangaza mashine iitwayo ADAT, iliyorekodi treki nane kwenye kanda ya video ya S-VHS. Kanda hizo zimekwisha zamani, ila mlango wake wa kupitisha sauti ulibaki: kebo moja nyembamba ya mwanga inayobeba chaneli nane kwa pamoja. Kwa mlango huo unanunua sanduku moja lenye priampu nane, mfano Behringer ADA8200 au moja ya familia ya OctoPre ya Focusrite, unalifunga kwa kebo hiyo moja, na saundi kadi ya matundu mawili inakuwa ya kumi. Sharti lake ni saundi kadi kuwa na mlango wenyewe. Audient iD14, ambayo ni ndogo na ina matundu mawili, inao. Focusrite Scarlett 2i2, ambayo imeenea kuliko zote, haina, na hakuna namna ya kuuongeza baadaye.

Mitego yake ni miwili. Umbo la tundu hilo ni lilelile lililo nyuma ya televisheni na deki nyingi, na baadhi ya saundi kadi hulitumia kwa chaneli mbili tu. Soma kitabu chake utafute neno ADAT. Mtego wa pili ni kasi. Chaneli nane zinapatikana kwenye sampuli 44,100 au 48,000 kwa sekunde. Ukipandisha hadi 96,000 zinabaki nne, na masanduku mengine, ADA8200 likiwemo, hayafiki huko kabisa. Rekodi kwa 48,000. Taarabu haitapungukiwa kitu.

Kuna suala ambalo limewafanya wengi waamini wameuziwa kifaa kibovu, nalo ni saa. Kila kifaa cha dijitali kina saa yake ndani inayohesabu zile sampuli 48,000, na hakuna saa mbili zinazolingana kabisa. Zikitofautiana kwa sehemu 20 tu katika milioni, kifaa kimoja kinamwacha mwenzake takriban sampuli moja kila sekunde, na wewe unasikia “ta, ta” zisizo na mpangilio juu ya muziki. Dawa ni kumteua imamu mmoja. Kama kebo ya mwanga inatoka kwenye sanduku la priampu kwenda kwenye saundi kadi, acha sanduku lishike saa, yaani liweke kwenye saa yake ya ndani, kisha ingia kwenye programu ya saundi kadi uiamuru ifuate saa inayokuja na ADAT. Ni kubofya mara moja. Nimeona watu wakibadilisha kebo, kompyuta na hata nyaya za umeme kabla ya kulifikia bofyo hilo. Ndiyo sababu pia siwashauri watu kuchomeka saundi kadi mbili za USB wakitumaini zitafanya kazi kama moja.

Wapo wenye miksa ya kwaya au ya kumbi, chaneli kumi na mbili, ina USB, na wanadhani wamefika. Chunguza kwanza. Miksa nyingi za namna hiyo hupeleka kwenye kompyuta chaneli mbili tu, sauti zote zikiwa zimeshakorogwa pamoja. Dumbaki ikiwa juu, itabaki juu milele. Zipo miksa zinazopeleka kila chaneli peke yake, na hizo ni nzuri kabisa.

Kompyuta isikutie hofu. Chaneli moja ya biti 24 kwa kasi ya 48,000 hula megabaiti 8.6 kwa dakika. Nane kwa saa nzima ni kama gigabaiti nne. Kinachotaka uangalifu ni chumba. Dumbaki itaingia kwenye kila maiki iliyopo, na kwa kuwa sauti husafiri mita moja kwa milisekunde tatu hivi, itafika kwenye maiki ya fidla ikiwa imechelewa, na zikichanganywa zinakulana na mlio unapwaya. Mafundi hufuata kanuni ya tatu kwa moja: maiki ikiwa sentimita 30 kutoka kwenye chombo chake, maiki ya jirani iwe angalau sentimita 90 kutoka kwenye hiyo ya kwanza. Wakalishe nusu duara, waonane macho, na mgongo wa kila maiki nyingine uelekee dumbaki. Geini, yaani kiasi cha kukuza, iweke mahali ambapo kilele cha sauti kinagusa kati ya desibeli −18 na −12 kwenye mita ya programu. Biti 24 zina nafasi ya kutosha, na mpiga fidla akishapata moto hupiga kwa nguvu kuliko alivyojaribu. Umeme wa vifaa vyote utoke kwenye ekstensheni moja yenye ethi ya kweli. Ukisikia mvumo mzito wa hezi 50, tafuta kifaa kilichochomekwa kwingine, na usithubutu kuikata pini ya ethi ili kuunyamazisha. Ethi hiyo inalinda maisha ya anayeishika maiki.

Mzee mpiga udi alirudi na wenziwe. Safari hiyo nilikuwa na priampu kumi. Akodiani ilichukua maiki mbili kwa sababu hutoa sauti pande zote mbili, wengine moja moja, jumla nane, na mbili zilizobaki nikazisimamisha mbele yao kusikiliza chumba. Fidla iliingia kidogo kwenye maiki ya mwimbaji na nikaiacha humo. Walipiga mara tatu. Ya pili ndiyo tuliyoichukua.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kununua saundi kadi yako ya kwanza, igeuze nyuma palepale dukani. Kama hakuna tundu la mwanga, irudishe kwenye boksi uombe nyingine.