Sufaktanti na Kazi Yake Katika Mapafu

Mtahiniwa, mvua ikikatika Tukuyu, tazama jani la gimbi. Maji yaliyobaki juu yake yamejikusanya kuwa vitone vya mviringo. Molekuli za maji huvutana zenyewe kwa zenyewe, hivyo uso wa tone hujikaza. Nguvu hiyo huitwa mvutano wa uso. Sasa gusa tone kwa kijiti chenye maji ya sabuni: litabonyea na kusambaa, kwa sababu sabuni hupunguza mvutano.

Ndani ya kila kifuko cha hewa katika mapafu mna utando mwembamba wa maji, ambamo oksijeni huyeyuka kabla ya kuingia kwenye damu. Utando huo nao hujikaza. Ungekuwa maji matupu, vifuko vingesinyaa kila unapotoa pumzi. Vidogo vingetangulia, maana kifuko kikiwa kidogo, shinikizo la kukisinyaza huwa kubwa zaidi.

Kinachozuia hali hiyo ni sufaktanti, yaani mchanganyiko wa fosfolipidi na protini unaotengenezwa na baadhi ya seli za ukuta wa vifuko. Kazi zake ni:

(a) kupunguza mvutano wa uso;
(b) kuzuia vifuko kusinyaa;
(c) kupunguza nguvu inayohitajika kuvuta pumzi.

Upungufu wa sufaktanti

Kwa kawaida sufaktanti hutosheleza mimba ikifikia takribani wiki ya 35. Mtoto njiti anaweza kuzaliwa bila ya kutosha. Hupumua haraka, huguna, na kifua hubonyea kila avutapo pumzi. Mwaka 1959, Mary Ellen Avery na Jere Mead wa Marekani walionyesha kuwa chanzo ni upungufu huo. Agosti 1963, Patrick, mtoto wa Rais Kennedy, alifariki kwa tatizo hili kabla ya kutimiza siku mbili.

Leo mama hudungwa sindano ya steroidi ili kuharakisha ukomavu wa mapafu ya mtoto. Baada ya kuzaliwa, mtoto husaidiwa kwa hewa yenye shinikizo au huwekewa sufaktanti kwenye koo la hewa. Sindano huhitaji saa kadhaa kufanya kazi. Kwa hiyo mama anayepata uchungu kabla ya wakati asisubiri mvua ikatike, awahi hospitali.

Angalizo: Usichanganye sufaktanti na ute. Ute hunasa vumbi na vijidudu kwenye njia ya hewa. Sufaktanti huviweka wazi vifuko vya hewa.

Jipime: Kwa nini mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 huchoka haraka kwa kupumua? Jibu lako litaje mvutano wa uso.