Kipupwe kikiwa na joto: Tuchukue nini katika tiba ya Kichina?



Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe wote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba zake.

Sisi wa Lipangalala na Ifakara kwa ujumla tumezoea kuwa mvua zikikatika mwezi wa tano, mpunga ukivunwa na mafuriko ya mto Kilombero yakishuka, huingia kipupwe. Usiku mashuka hayatoshi, watu huvuta mablanketi, na mbu hupungua. Wazee wetu huita huo wakati wa kupumua. Lakini ziko Juni na Julai ambazo blanketi halishuki kabatini. Usiku ni joto, watu wanaota upepo barazani hadi saa tano, na chandarua kimekunjwa kwa kuwa "msimu wa mbu umekwisha". Na hali hizi hazitupati sisi peke yetu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kuwa mwaka 2024 ulikuwa wa joto zaidi kuliko miaka yote iliyowahi kupimwa.

Kipupwe cha namna hiyo ndicho kinachoniletea wagonjwa wasiotarajiwa, na ndicho kinachowatajirisha wauza majani. Leo, kwa uwezo wa Allah (SW), tuangalie tiba ya asili ya Wachina inasemaje juu ya baridi isiyokuwa baridi, lipi tulichukue na lipi tuliache.

Kwa nini joto la kipupwe ni hatari

Vijidudu vya malaria havimwambukizi mtu papo hapo mbu anapovinyonya. Ni lazima vikue kwanza ndani ya mwili wa mbu, na kukua kwake hutegemea joto. Joto likiwa nyuzi 25, kazi hiyo huchukua siku zipatazo 12. Likishuka hadi nyuzi 20, huhitajika zaidi ya wiki tatu, na mbu wengi hufa kabla ya muda huo. Likishuka chini ya nyuzi 16, vijidudu vya malaria kali hukwama kabisa.

Hapo ndipo ilipo rehma ya baridi. Kipupwe kikiwa na joto, rehma hiyo hupungua. Mbu mmoja ambaye angekufa bila kumdhuru mtu, sasa anaishi hadi siku ya kuambukiza.

Aidha, bonde letu lina mbu aina ya anofelesi anayeitwa funestasi. Huyu ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi ya malaria katika bonde la Kilombero. Hategemei vidimbwi vya mvua, bali huzaliana katika maji yanayodumu kiangazi: vijito, madimbwi yanayobaki kandokando ya mto na visima vya chemchemi vilivyo wazi. Kwa hiyo kukauka kwa barabara ya mtaani kwako si dalili kuwa mbu amekwisha.

Wachina wanasema nini

Tiba ya Kichina ni elimu ya zamani mno, na imejengwa juu ya kufuata majira. Kwao, wakati wa baridi ni wakati wa mwili kuweka akiba, kama mkulima anavyoweka mbegu ghalani. Baridi ikija na joto, mwili hushindwa kufunga ghala, nguvu hutoka kwa jasho, na maradhi ya homa hufuata majira ya baada yake. Waganga wao waliandika vitabu vizima kuhusu homa za namna hiyo.

Nasaha zao ni nyepesi. Mtu alale mapema. Asijitoe jasho kupita kiasi. Apunguze pilipili, tangawizi nyingi na nyama za kukaanga, ambavyo wao huviita vyakula vya moto. Aongeze vyakula wanavyoviita vya baridi, kama supu ya choroko, figili nyeupe na matunda yenye maji.

Ndugu msomaji, sayansi ya hospitali haigawi vyakula kwa namna hiyo. Hata hivyo, choroko ina protini na ni ya bei nafuu, matunda na maji ni kheri katika siku za joto, na kulala mapema ni katika mafundisho yetu. Mtume (SAW) alikuwa akichukia mazungumzo baada ya swala ya Isha, kama ilivyopokewa na Bukhari. Tunachotofautiana nao ni kuwa Wachina humshauri mtu wakati wa baridi asubiri jua ndipo aamke. Muislamu hana ruhusa hiyo, kwani Alfajiri inamngoja. Naye akiamka kwa tahajudi au Alfajiri, avae kanzu au nguo ndefu inayofunika miguu, maana nje ya chandarua bado kuna mbu.

Nasaha hizo ni njema kwa mwenye afya. Lakini hakuna hata moja inayotibu malaria. Tatizo huanza hapo, pale mtu anapochukua nasaha ya mwenye afya akaifanya dawa ya mgonjwa.

Jani lililotoka China

Wako wanaotaja maneno maarufu kwamba elimu itafutwe hata China, wakiyanasibisha na Mtume (SAW). Wanazuoni wa Hadithi wamesema sanadi yake ni dhaifu, na wengine wameyahesabu kuwa ni ya kuzushwa. Basi tusimsingizie Mtume wetu. Yatutosha Hadithi sahihi isemayo kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa.

Na kwa malaria, sehemu ya dawa hiyo kweli ilitoka China. Katika karne ya nne Miladiya, zaidi ya miaka 200 kabla ya kuzaliwa Mtume (SAW), mganga wa Kichina aitwaye Ge Hong aliandika kuwa mwenye homa za vipindi achukue konzi ya jani liitwalo qinghao, alilowanishe katika maji, alikamue, kisha anywe maji yake. Jani hilo ndilo sisi tunaloliita artemisia.

Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Mwaka 1969 alijiunga nao mtafiti wa kike, Tu Youyou. Yeye na wenzake walijaribu qinghao, lakini matokeo hayakuwa ya kutegemewa. Ndipo aliporudia andiko la Ge Hong, akaona kuwa yule mganga hakuchemsha. Alilowanisha na kukamua tu. Tu Youyou akaelewa kuwa moto ndio unaoharibu dawa, akaikamua kwa kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 akapata dawa iliyofuta vijidudu katika wanyama wa majaribio. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa wenyewe kwanza kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Kutokana na jani hilo ikapatikana dawa ya mseto, ile ALu tunayoitoa zahanati, ambayo Tanzania iliianza kama dawa ya kwanza ya malaria mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya klorokwini na kisha SP kushindwa nguvu. Hata mwenzi wake katika kidonge, lumefantrini, ilivumbuliwa China. Kwa hiyo anayemeza mseto amekwisha tumia matunda ya tiba ya Kichina, tena yaliyopimwa kwa mizani.

Chai ya majani si dozi

Mwaka 2020, wakati wa korona, jina la artemisia lilivuma baada ya Madagaska kutangaza kinywaji chake, nacho kikaletwa hapa nchini. Tangu hapo majani makavu yanauzwa katika pakiti, mengine yakiitwa "dawa ya Kichina", na mnunuzi huambiwa achemshe anywe kutwa mara tatu.

Kipupwe kimoja chenye joto, mama mmoja alimleta mtoto wa miaka mitatu. Homa ilimpata siku ya Jumamosi. Akapewa chai ya majani na jirani mwenye nia njema. Jumatatu homa ikashuka, mama akasema alhamdulillahi na akaendelea na chai. Alhamisi mtoto akapata degedege. Nilipomfunua kope la chini lilikuwa jeupe kama karatasi. Tulimpa sindano ya atesuneti na kumpeleka haraka alikoongezewa damu. Allah akamjaalia kupona. Mama yule aliniuliza, "Mwanangu, mbona homa ilikwisha shuka?"

Jibu lake ndilo ninalotaka kila nyumba ilijue. Jani lina dawa kidogo ndani yake, na kiasi chake hutofautiana toka shamba moja hadi jingine. Ukilichemsha, sehemu ya dawa hupotea. Kiasi kinachobaki chaweza kuua baadhi ya vijidudu na kushusha homa, lakini vinavyosalia huzaliana upya. Mzazi hufurahi siku mbili, na siku mbili hizo ndizo damu ya mtoto inapokwisha. Isitoshe, dozi pungufu huwazoesha vijidudu dawa. Tayari katika mkoa wa Kagera watafiti wamethibitisha vijidudu vilivyoanza kuistahimili dawa hii. Shirika la Afya Duniani halikubali chai wala unga wa artemisia kuwa tiba au kinga ya malaria.

Mtume (SAW) amefundisha, katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, kuwa anayejitia katika utabibu hali hajulikani kwa utabibu, yeye ni mdhamini wa madhara yatakayotokea. Jirani mwema na muuza pakiti walizingatie hili. Nchi yetu ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002, na lipo Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Muulize muuzaji usajili wake. Asipokuonyesha, usinunue.

Tufanye nini

Kwanza, chandarua kisikunjwe kipupwe. Wilaya zetu za Kilombero na Ulanga ndizo zilizopata mradi wa vyandarua vya "Zuia Mbu" kuanzia mwaka 1997, na utafiti uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha kuwa vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Ushahidi huu umetoka kwetu. Wanaolala katika vibanda vya shambani wakilinda mazao nao wabebe chandarua.

Pili, ukiona homa, nenda ukapime ndani ya saa 24. Si kila homa ni malaria. Kichomi na maradhi ya mkojo nayo huleta homa, na dawa zake ni nyingine.

Tatu, ukikutwa na malaria, maliza mseto. Dozi ni mara sita kwa siku tatu. Ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, ndipo inapoingia vizuri mwilini. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, arudiwe dozi ile. Usimwachie mdogo wake vidonge vilivyobaki, kwa sababu havipaswi kubaki.

Nne, mtoto mwenye degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au kunywa, aliyelegea au kuhema kwa shida, huyo si wa kusubiri asubuhi. Mama mjamzito mwenye homa vilevile aende kituoni mara moja.

Tano, funika visima na fukia madimbwi yanayowezekana. Hii yaweza kuwa kazi ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, nayo ni sadaka.

Ndugu msomaji, kunywa supu yako ya choroko, lala mapema, na uheshimu elimu ya Wachina. Lakini kumbuka kuwa heshima kubwa aliyoipata jani lile ni kupimwa na kusahihishwa hadi likawa kidonge. Tukilirudisha kwenye sufuria ya maji yanayochemka, tunawapa watoto wetu lile ambalo hata mganga wa kale hakuliandika.

Allah (SW) atulinde na maradhi na atupe afya ya kumuabudu. Amin. Wallahu a'alam.