Buli la kioo: Mnunuzi aangalie kioo kabla ya bei

WAFANYABIASHARA wa vyombo vya nyumbani wanaofikiria kuongeza mabuli ya kioo katika maduka yao wanashauriwa kuchunguza kwanza aina ya kioo, kisha chujio, na bei iwe ya mwisho. Bidhaa hii huvutia macho ikiwa rafuni, lakini faida yake inaweza kumezwa na mabuli machache tu yanayopasuka dukani au siku ya kwanza mikononi mwa mteja.

Mteja wa buli la kioo ni mnywaji wa chai ya majani isiyo na maziwa, yaani chai ya rangi, au mkandaa kama wanavyoiita watu wa Pwani. Anataka kuona majani yakifunguka na rangi ikikolea, ili ajue wakati wa kuyatoa kabla chai haijawa kali. Wengine hutumia buli hilo kwa mchaichai, tangawizi au choya. Mahoteli na migahawa nayo hulipenda kwa sababu linapendeza mezani. Chai ya zambarau ya Kenya, aina ya TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, ni mfano mzuri: rangi yake hugeuka ikitiwa limau, na katika buli la udongo jambo hilo halionekani.

Vioo viwili, tabia mbili

Sokoni kuna mabuli ya aina mbili ambayo kwa macho hufanana. La kwanza ni la kioo cha kawaida cha soda na chokaa, kile kinachotengenezea chupa na bilauri. La pili ni la borosilikati, kioo kilichobuniwa na Mjerumani Otto Schott mwishoni mwa karne ya 19 na kutumika sana katika maabara. Mwaka 1931 msanifu Wilhelm Wagenfeld alichora buli la chai la kioo cha aina hiyo kwa kiwanda cha Schott mjini Jena.

Tofauti iko katika kutanuka. Kwa kila nyuzijoto moja inayoongezeka, kioo cha soda na chokaa hutanuka kwa kiasi cha sehemu 9 katika milioni. Borosilikati bora hutanuka kwa sehemu 3.3 tu. Maji yanayochemka yakimiminwa katika buli lililokaa kwenye chumba chenye nyuzijoto 25, upande wa ndani hutanuka ghafla ilhali wa nje bado haujapata habari. Mvutano huo ndio unaopasua kioo.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea. Hushika buli, wakaona ni zito na nene, wakaamini ni imara. Kwa upande wa joto mambo ni kinyume: kadiri kioo cha kawaida kinavyokuwa kinene, ndivyo joto linavyochelewa kufika upande wa pili na hatari ya kupasuka inavyoongezeka. Buli la borosilikati mara nyingi huwa jembamba na jepesi mkononi.

Jina la boksi nalo halitoshi. Pyrex ilianza mwaka 1915 ikiwa ya borosilikati, lakini vyombo vya jikoni vyenye jina hilo vinavyouzwa Marekani leo ni vya kioo cha soda na chokaa kilichoimarishwa kwa joto, wakati vile vya Ulaya ni vya borosilikati.

Ankara husema kweli

Mwagizaji ana njia rahisi ya kumbana muuzaji wa nje. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, unaotumiwa pia na forodha za Afrika Mashariki, vyombo vya kioo vya mezani na jikoni vimo katika namba 7013. Ndani yake, namba 7013.42 ni ya vyombo visivyo vya kunywea ambavyo kioo chake hakitanuki zaidi ya sehemu 5 katika milioni kwa kila nyuzijoto, kati ya nyuzi 0 na 300. Buli la borosilikati huingia humo. La kioo cha kawaida huingia 7013.49. Boksi likisema borosilikati na ankara ikasema 7013.49, muuzaji ana swali la kujibu kabla ya kulipwa.

Hesabu ya katoni moja

Chukua mfano wa katoni ya mabuli 24 ya kioo cha kawaida, kila moja limenunuliwa kwa Sh 15,000 na kuuzwa Sh 21,000. Mtaji ni Sh 360,000, na yote yakiuzwa faida ni Sh 144,000. Lakini manne yakipasuka kabla ya kuuzwa, mauzo hushuka hadi Sh 420,000 na faida kuwa Sh 60,000. Wateja wawili wakirudisha vipande na kudai fedha zao, Sh 42,000 nyingine huondoka. Kinachobaki ni Sh 18,000, na kodi ya pango haijalipwa.

Sasa chukua katoni ya borosilikati kwa Sh 18,000 kila buli, bei ya kuuzia Sh 25,000. Mtaji ni Sh 432,000. Moja likivunjika njiani, 23 yaliyobaki huleta Sh 575,000, na faida ni Sh 143,000. Aliyeokoa Sh 3,000 kwa kila buli ndiye aliyepata hasara.

Ifahamike kwamba borosilikati nayo huvunjika ikianguka. Ubora wake ni wa kustahimili joto. Wala si kila buli la kioo hicho linafaa kuwekwa juu ya jiko. Mteja aelezwe hivyo, isipokuwa pale mtengenezaji alipoandika waziwazi kuwa linafaa.

Chujio lifuate majani

Sehemu kubwa ya chai ya Kenya husindikwa kwa mashine za kukata, kusaga na kuviringisha, na hutoka ikiwa punje ndogo. Madaraja kama PF1 na D1, yanayojulikana sana katika mnada wa Mombasa, ni ya punje hizo. Punje hizi hupita kwenye matundu ya chujio la kioo, au huziba waya wa mzunguko uliowekwa ndani ya mdomo wa buli. Duka ambalo wateja wake hununua chai hiyo lichague mabuli yenye chujio la wavu laini wa chuma kisichoshika kutu.

Majani marefu yaliyosokotwa yana hitaji jingine. Huvimba sana yakilowa, kwa hiyo hutaka chujio pana na lenye kina, linalofika karibu na sakafu ya buli. Chujio fupi huacha majani juu ya maji pale buli linapojazwa nusu.

Mambo mengine hupimwa kwa maji tu. Buli lijazwe hadi juu: kama ncha ya mdomo iko chini kuliko ukingo, maji yatamwagika yenyewe. Liinamishwe: kifuniko kisianguke, na maji yasitiririke chini ya mdomo. Mkono uwe na nafasi ya vidole bila kugusa kioo chenye moto. Muuzaji aulizwe pia kama anauza vifuniko na machujio ya akiba, kwani buli lisilo na kifuniko halina mnunuzi.

Soko lina mipaka

Pamoja na hayo, mfanyabiashara asijaze ghala. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki chai huchemshwa na maziwa katika sufuria, kisha hutiwa katika chupa ya chai ili ikae moto. Kioo chembamba hakiwezi kushindana na chupa hiyo. Wanunuzi wa uhakika ni mahoteli, migahawa, wanaotafuta zawadi za harusi na wale wanaokunywa chai ya rangi kwa kupenda ladha yake. Kwa vikombe vitatu vya mililita 200, buli la mililita 600 hutosha. Makubwa zaidi huwafaa wenye meza za watu wengi.

Kwa anayeanza, busara ni kununua mabuli mawili au matatu ya mfano, kuyatia maji yanayochemka mara kadhaa, na kuyapima kwa chai ile ile wanayokunywa wateja wake. Yatakayosalimika ndiyo ya kuagiza, tena kwa katoni chache. Gharama ya sampuli ni ndogo kuliko ya kukusanya vigae dukani.