Risasi katika Nishati Safi
Neno risasi, tulilolipokea kutoka Kiarabu, lina maana mbili: ya bunduki na ya madini. Wakazi wa Owino Uhuru, upande wa Changamwe, waliijua ya pili kati ya 2007 na 2014, betri kuukuu zilipokuwa zikiyeyushwa kiwandani ubavuni mwa nyumba zao, hata watoto wakakutwa na sumu hiyo damuni. Ilichukua hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu kuirejesha fidia ya shilingi bilioni 1.3 iliyoamriwa 2020.

Sasa zinakuja seli za jua za perovskaiti, zilizobuniwa Japani mwaka 2009. Nazo zina risasi. Ni kidogo kuliko ya betri, lakini paneli ikipasuka, mvua huichukua kwa wepesi. Watafiti wanajaribu bati badala yake (si haya mabati ya mapaa yetu, ambayo kwa hakika ni chuma). Bati nalo huharibika upesi likipata hewa, na umeme wake bado ni haba.

Basi tusilingojee bati. Sheria ya taka ya 2022 inamtwika mwenye kuleta bidhaa wajibu wa mabaki yake. Walimu wa Likoni na Kisauni waisome na wanafunzi wao kabla paneli hizo hazijatua bandarini.