Kwa Nini Waya wa Printa Una Kikomo cha Urefu?

Katika ofisi na maabara ambamo kompyuta za miaka ya 1980 na 1990 zingali zikifanya kazi, hutokea printa ikahitajika chumba cha pili. Hununuliwa waya mrefu, nayo printa ikachapa bila taabu. Hata hivyo, katika orodha ya alama za mtihani, mwanafunzi aliyepata 38 aweza kuandikiwa 78, na karatasi isioneshe dalili yoyote ya hitilafu.

Kosa la namna hiyo huzaliwa ndani ya waya. Kompyuta hupeleka kila herufi au tarakimu kwa biti nane: 3 ni 00110011, na 7 ni 00110111. Tofauti yao ni biti moja tu, ya tatu kutoka kulia. Katika mfumo sambamba, uliotokana na printa ya kampuni ya Marekani iitwayo Centronics ya mwaka 1970, biti zote nane husafiri kwa pamoja, kila moja katika uzi wake, na uzi mwingine huiamuru printa isome. Kwa kawaida volti zisizozidi 0.8 husomwa kuwa 0, na zinazofikia 2 husomwa kuwa 1.

Wengi hudhani kwamba ishara huchelewa kwa sababu ya safari ndefu. Sivyo. Ishara hupita kiasi cha sentimeta 20 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Sababu hasa ni kwamba nyuzi mbili zilizolala pamoja, zikitengwa na plastiki, ni kapasita. Kabla volti hazijabadilika, sharti kapasita hiyo ijazwe chaji, kama mtungi ujazwavyo kwa bomba jembamba. Waya ukirefuka, mtungi huongezeka ukubwa. Zaidi ya hayo, badiliko katika uzi mmoja huutikisa uzi jirani. Amri ya kusoma ikifika kabla uzi wa biti ya tatu haujatulia, 3 huwa 7.

Ndiyo maana waya wa mfumo sambamba kwa kawaida haukuzidi meta chache. Kanuni ya IEEE 1284 ya mwaka 1994 iliruhusu meta 10, lakini kwa waya maalumu wenye kinga.

Mfumo wa mfululizo, uliowekewa kanuni ya RS-232-C mwaka 1969, hupeleka biti mojamoja. Hapa 1 huwa volti hasi na 0 volti chanya, na baina ya -3 na +3 hapana maana yoyote. Kwa hiyo si rahisi moja kugeuka nyingine. Kanuni ilishauri urefu wa meta 15, kwa kasi isiyozidi biti 20,000 kwa sekunde. Kikomo cha kapasitansi kilikuwa pikofaradi 2,500. Waya wenye pikofaradi 100 kwa kila meta hukifikia katika meta 25 hivi.

Kasi nayo yaweza kupunguzwa. Kwa biti 19,200 kwa sekunde, kila biti hudumu mikrosekunde 52. Kwa biti 1,200 hudumu 833, yaani muda mara 16 wa kujaza mtungi uleule.

Basi, printa ikiwa mbali, yafaa kutumia mfumo wa mfululizo, kupunguza kasi, na kuchagua waya wenye kapasitansi ndogo. Kisha ichapwe karatasi ya majaribio yenye tarakimu na herufi zote, ikaguliwe moja baada ya moja, kabla ya kuchapa alama za mwanafunzi yeyote.