Intaneti ya kasi kwenye shule za kijiji: maswali kabla ya kununua antena

Tangu programu ya darasa la 7 na la 8 ibadilishwe, kompyuta na mtandao viko ndani ya kozi ambayo walimu wanaiita SPTTIC, pamoja na fizikia na teknolojia. Kwenye shule nyingi za vijiji vya Kivu, Ituri ao Maniema, kozi hiyo inafundishwa kwa chaki. Mwalimu anachora klavie kwenye ubao, anachora suri pembeni yake, wanafunzi wananakili kwenye kaye, kiisha siku ya interro wanajibu vizuri juu ya chombo ambacho hawajakishika hata siku moja. Mara nyingine mwalimu mwenyewe ana telefone tu, na ili apate rezo lazima apande kilima.

Ndiyo sababu habari za antena za satelaiti zimepokelewa kwa hamu. Mwezi wa tatu 2024, ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano nchini, ilikumbusha watu kwamba Starlink haina ruhusa Congo. Mwezi wa tano 2025, mamlaka hiyo hiyo ikatangaza kuipa leseni. Sasa kwenye mikutano ya wazazi swali linaulizwa wazi: shule ichangishe makuta inunue, ao ingoje?

Kwanza, kasi maana yake nini. Chukua video moja ya somo, dakika kama kumi, yenye megabaiti 100. Kwenye rezo ya kijiji inayotoa megabiti 0.1 kwa sekunde, kuivuta kunachukua zaidi ya saa mbili, na hapo ni kama rezo haikatiki. Kwenye intaneti ya megabiti 50 kwa sekunde, video hiyo inaingia kwa sekunde 16. (Megabaiti moja ni megabiti 8. Wauzaji wanapenda kutangaza kasi kwa megabiti, juu namba inaonekana kubwa.)

Rezo ya kijiji ni dhaifu kwa sababu zinazojulikana. Kebo za baharini zinaingia Congo kupitia Muanda, kwenye Atlantiki, karibu kilometa 1900 kutoka Goma kwa mstari ulionyooka. Miji ya mashariki imezoea kupata intaneti kupitia nchi jirani, kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Kutoka mjini hadi kijijini, kampuni hazikimbilii kusimamisha mnara kwa watu wachache, kwenye barabara mbovu, na jenereta ya kulishwa mazutu kila wiki. Satelaiti inaruka matatizo hayo yote. Zile za zamani ziko juu karibu kilometa 36000, ndiyo maana sauti inachelewa na mazungumzo yanagongana. Zile mpya zinazunguka kwenye kilometa 550 hivi, na mwalimu anaweza kufuata mafunzo ya moja kwa moja na kuuliza swali bila kungoja.

Lakini kuleta chombo si kuleta somo. Peru ilijaribu hilo kwa ukubwa: serikali iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za vijijini, na watafiti wakafuata shule 319. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kwamba watoto walitumia kompyuta sana, lakini alama zao za hesabu na lugha hazikupanda. Sehemu kubwa ya shule hizo hazikuwa na intaneti, ni kweli. Hata hivyo jambo kubwa lilikuwa lingine: namna ya kufundisha haikubadilika.

Kwa hiyo mtu wa kwanza wa kufaidika na intaneti shuleni ni mwalimu. Yeye ndiye anayefundisha uzazi wa mimea, mzunguko wa damu na umeme kwa kitabu kimoja kilichochanika, ao kwa kaye yake ya zamani kutoka chuo. Mwalimu wa biolojia aliyejifunza selilu kwa kuchora bila kuangalia kwenye mikroskopu anaweza, usiku mmoja, kuona picha kumi za kweli na kubadilisha mchoro wake. Mwalimu wa hesabu anaweza kutafuta njia nyingine ya kueleza sehemu kwa watoto walioshindwa njia ya kwanza. Prefe anaweza kupata barua za wizara bila kungoja wiki mbili, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaweza kujizoeza na items za Exetat za miaka iliyopita. Kuna pia Schoolap, programu iliyotengenezwa na Wakongo kwa ajili ya masomo. Hakuna lolote kati ya hayo linalodai kila mtoto awe na kompyuta.

Njia inayofaa kijiji ni kuvuta mara moja na kuhifadhi. Wanafunzi 50 wakifungua video ile ya megabaiti 100 kila mtu kwake, shule inakula megabaiti 5000. Ikivutwa mara moja na kuwekwa kwenye kompyuta ya shule, inabaki megabaiti 100, na inaonyeshwa hata mwaka kesho. Programu za bure zipo kwa kazi hiyo. Kolibri inahifadhi masomo na mazoezi; Kiwix inahifadhi Wikipedia ya Kifaransa, na ya Kiswahili pia. Zote mbili zinafanya kazi bila intaneti, na telefone za darasani zinaweza kuungana na kompyuta hiyo kwa Wi-Fi bila kulipa mega.

Hapo kuna siri ambayo muuzaji wa antena hatasema: shule isiyo na antena inaweza kuanza leo. Mwalimu anayeshuka mjini kuchukua mshahara anaweza kurudi na masomo ya miezi mitatu kwenye kadi ndogo ya telefone.

Umeme ndio mlima wenyewe. Antena ya kawaida ya satelaiti inakula wati 75 hadi 100. Ikiwaka saa sita kwa siku, inahitaji wati-saa 450 hadi 600. Pano moja ya jua ya wati 100, siku ya jua zuri, inatoa karibu wati-saa 400, na wingu la Kivu kila mtu analijua. Kwa hiyo zinatakiwa pano mbili ao tatu, na batri nzuri, mbele ya kuhesabu kompyuta. Shule zilizo karibu na laini za umeme wa maji, kama ule wa Matebe kule Rutshuru ao wa Mutwanga upande wa Beni, zinaanza na nafasi nzuri zaidi.

Kiisha kuna abonema. Antena inalipwa mara moja, lakini abonema ni kila mwezi, hata wakati wa likizo kama haikusimamishwa. Shule ya msingi ya serikali ni ya bure tangu mwaka wa masomo 2019-2020, basi direkta hana ruhusa ya kuwatoza wazazi franga za mega. Sekondari ndiko wazazi bado wanalipa, na huko ndiko komite yao inapaswa kuuliza: nani anashika neno la siri? Kuna saa gani za walimu, na saa gani za wanafunzi? Bila majibu, intaneti ya shule inageuka kuwa ya ofisi ya prefe na marafiki zake. Kisiwani Idjwi, mtandao wa jamii ulioitwa Pamoja Net uliweka kioski ili hata asiye na telefone apate mahali pa kuingilia. Kituo cha afya na ushirika wa wakulima wanaweza kuchangia abonema hiyo moja.

Jambo la mwisho, watu wanalisema kwa sauti ya chini. Antena juu ya paa inaonekana kutoka mbali, na mahali penye watu wa silaha inaweza kuvutia wezi. Vita vikifika, shule inafungwa na watu wanahama. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Covid-19, masomo yalipita kwenye redio, kwa kipindi cha Okapi École. Masomo yaliyohifadhiwa kwenye kadi nayo yanaingia mfukoni. Shule iliyo mahali pasipo tulivu iweke nakala mbili: moja kwa direkta, nyingine kwa mwalimu anayekaa mbali naye.