Nyumba ya Mikono Yetu: Jinsi ya Kujenga Bura, Kando ya Mto Tana

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, na mahali paitwapo Bura mto huo umegawanya watu pande mbili. Ng'ambo ya mashariki ni Bura ya Garissa, katika nchi ya wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Ng'ambo ya magharibi ni Bura ya Tana River, yenye mifereji ya mradi wa umwagiliaji ulioanza kupokea wakulima mapema katika miaka ya 1980. Watu wa pande hizo hutofautiana kwa lugha na kazi, lakini jambo moja ni lao wote: nyumba nyingi hujengwa na wenyewe pamoja na jamaa zao, bila ya mkandarasi.

Katika makala haya twataka kueleza jinsi kazi hiyo ifanywavyo vizuri, na kwa nini nyumba moja husimama miaka mingi, na ya jirani yake ikaanguka kwa mvua ya kwanza. Jambo hili si dogo. Mtu wa kawaida huweka katika nyumba yake akiba ya miaka, na jasho la ndugu zake pia. Nyumba ikianguka, vyote viwili vimepotea.

MAFUNDI WA KWANZA NI WANAWAKE

Kabla ya kusema habari za nyumba za udongo, yafaa tuwape heshima mafundi wa zamani wa nchi hii. Nyumba ya Wasomali wahamao, iitwayo aqal, ni kazi ya wanawake tangu mwanzo hadi mwisho. Wao hukata fito na mizizi ya miti, huikunja ikiwa mibichi mpaka ishike umbo la upinde, na husuka mikeka ya kuifunika. Binti akikaribia kuolewa, mama yake na jamaa zake wa kike hukusanyika kumtayarishia mikeka na fito za nyumba yake.

Siku ya kuhama, nyumba nzima hufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia, na fito zile zile husaidia kushikilia mizigo mgongoni mwake. Wafikapo malisho mapya, wanawake wachache huisimamisha tena kwa muda mfupi. Twaona basi kwamba kujenga kwa msaada wa jamaa si jambo geni lililoletwa na miji. Kilichobadilika ni kwamba watu wengi sasa wamekaa mahali pamoja, na nyumba ya kukaa ina masharti yake.

MAHALI PA KUJENGA

Kosa kubwa kuliko yote hufanywa kabla ya nguzo ya kwanza kusimamishwa, nalo ni kuchagua mahali pabaya. Watu husema, "Hapa Bura mvua ni haba, maji yatatoka wapi?" Hawakumbuki kwamba maji ya Tana hayatoki Bura. Yatoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, mbali sana, na mabwawa ya juu yakijaa maji ya ziada hushuka kwetu. Kwa hiyo mto waweza kufurika hali mbingu za Bura ni nyeupe. Ndivyo ilivyokuwa nchi hii ikapata mafuriko makubwa mwaka 1961, tena mwaka 1997 na 1998, tena mwishoni mwa mwaka 2023 na katika miezi ya Aprili na Mei mwaka 2024, ambapo jamaa nyingi za Garissa na Tana River zilihama nyumba zao.

Kwa hiyo, kabla ya kupima, nenda kwa wazee ukawaulize maji yalifika wapi katika miaka hiyo. Tazama mashina ya miti yenye alama za matope. Jenga juu ya alama hiyo, na ikiwa huwezi kuipita, usijenge hapo. Kadhalika usijenge katika mkondo wa lagha, hata ukiwa mkavu kwa miaka mitatu.

Jambo la pili ni haki ya ardhi. Ardhi nyingi ya huku ni ya jamii, nayo ina sheria yake ya mwaka 2016. Na ardhi ya mradi wa umwagiliaji ina wasimamizi wake. Pata ruhusa iliyoandikwa kwanza. Nyumba nzuri juu ya ardhi ya ugomvi ni hasara.

KUPIMA

Watu wengi hupima kwa macho, na nyumba ikaja kupinda, paa lisikae sawa. Iko njia rahisi ambayo hata mtoto wa shule aweza kukusaidia. Chukua fimbo moja iwe kipimo. Pigilia kigingi penye pembe ya nyumba. Pima fimbo tatu upande mmoja, upigilie kigingi. Pima fimbo nne upande wa pili, upigilie kingine. Sasa pima kutoka kigingi hiki hadi kile: zikiwa fimbo tano kamili, pembe yako ni sawa. Zikipungua au kuzidi, sogeza kigingi. Mwisho, pima kamba kutoka pembe hadi pembe kwa kukata nyumba katikati, mara mbili. Lazima vipimo vilingane.

MITI

Mti upatikanao kwa wingi leo ni mathenge. Uliletwa Bura mapema katika miaka ya 1980 ili watu wapate kuni na upepo uzuiwe, lakini umeenea mno ukafunga malisho, mashamba na njia za maji. Basi anayekata mathenge kwa nyumba yake apata faida mbili. Lakini akumbuke mambo matatu. Kwanza, miiba yake huumiza vibaya na jeraha huvimba. Vijana wavae viatu vigumu. Pili, ukikata shina juu ya ardhi huchipuka tena kwa wingi. Chimba, ukate chini ya udongo. Tatu, bandua magome yote na uikaushe miti kivulini, kwani wadudu hupenda kukaa chini ya gome.

Nguzo zifukiwe kiasi cha sentimita 60, na sehemu itakayoingia ardhini ichomwe moto kwa nje mpaka iwe nyeusi, ili kuchelewesha mchwa na uozo. Kila nguzo isimamishwe kwa timazi. Jiwe lililofungwa uzi latosha. Kisha fito hufungwa ndani na nje ya nguzo, na juu huwekwa mtambaapanya wa kubeba makombamoyo ya paa.

Ezeka paa kabla ya kukandika kuta. Wengi hukosea hapa: hukandika kwanza, mvua ikanyesha, kazi ya wiki nzima ikayeyuka. Makuti ya mkoma huleta ubaridi, lakini hushika moto upesi, basi jiko liwe mbali. Mabati hayashiki moto, lakini huleta joto na hung'olewa na upepo yasipofungwa imara. Lolote utakalochagua, upenu utoke nusu mita au zaidi kupita ukuta. Upenu ndio mwavuli wa kiambaza.

UDONGO

Udongo mweusi wa Bura hudanganya. Ukiwa na maji huvimba; ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Haufai kutumiwa peke yake. Changanya na mchanga, nyasi zilizokatwa vipande vifupi, na samadi ya ng'ombe. Kiasi gani? Usibahatishe. Fanya matonge matatu yenye viasi mbalimbali, uyaweke kivulini siku chache. Lililopasuka lina udongo mwingi. Lililomomonyoka kwa kidole lina mchanga mwingi. Lililobaki zima ndilo mwalimu wako.

Kandika mara mbili. Mara ya kwanza jaza nafasi zote baina ya fito, uache ukuta ukauke na kupasuka upendavyo. Kisha paka udongo laini juu yake kuziba nyufa. Sakafu ya ndani iinuliwe nusu mita kupita ardhi ya nje, na udongo wake ushindiliwe kidogo kidogo. Kazi hii yataka maji mengi, basi ifanywe wakati wa kiangazi lakini maji yachotwe kwa hadhari. Mamba wa Tana hawangoji mtu amalize nyumba. Wachotaji waende wengi, mchana, mahali pa wazi.

KAZI YA JAMAA

Mkono mmoja haulei mwana, na mtu mmoja hasimamishi mwamba. Lakini msaada wa jamaa una adabu yake. Mwenye nyumba atangaze siku mapema, atayarishe vifaa vyote, na chakula na chai viwepo. Hakuna jambo livunjalo mioyo ya watu kama kuitwa asubuhi na kukuta miti haijakatwa. Kila mtu apewe kazi aiwezayo: vijana miti na mashimo, wanawake wajuao kusuka na kukandika wasimamie kazi hizo kama mafundi, wazee timazi na shauri, watoto kamba na maji ya kunywa. Kisha mwenye nyumba aandike katika daftari nani alikuja na siku ngapi, kwa maana deni la jasho hulipwa kwa jasho, na asiyekwenda kwa mwenzake hatamwona mwenzake mara ya pili.

Tena liko jambo ambalo watu huona haya kulisema. Ndugu wawili hujenga pamoja, mmoja kwa fedha na mwingine kwa mikono, bila ya kuulizana nyumba ni ya nani. Siku baba afapo au mmoja aoapo, ugomvi huanza. Ulizeni mapema, mbele ya wazee na mke wa kila mmoja, na mwandike. Haya ya siku moja ni afadhali kuliko uadui wa maisha.

Mwisho, nyumba ya udongo haimalizwi kujengwa, hutunzwa. Kila mwaka kabla ya mvua, zunguka ukuta, tafuta njia za mchwa uzibomoe, ziba kila ufa, safisha mfereji wa maji nje. Ni kazi ya siku mbili kwa mtu na watoto wake. Asiyeifanya atawaita tena jamaa zake kujenga upya, nao, kwa haki, watamwuliza ile ya kwanza aliifanyaje.